MKAA WA UANI NA MTI WAKE
Historia ya kaa la moto kutoka misitu ya Kilosa na Mikumi

Hapana mtaa katika miji yetu usioijua harufu ya nyama inayochomwa uani wakati wa jioni. Mama wa nyumba amekwisha kata nyama vipande, ameiroweka kwa ndimu na tangawizi, watoto wametayarisha vijiti, na baba, ambaye siku nyingine haonekani jikoni, leo ameshika kipepeo anapepea jiko. Hii ni neema, tena ni katika mambo yanayowakusanya jamaa mahali pamoja. Lakini mwulize huyo mwenye kipepeo, nyama ameinunua wapi? Atakutajia bucha, na bei, na pengine hata jina la mchinjaji. Mwulize tena, na mkaa je, umetoka wapi? Atakujibu: "Dukani." Hapo ndipo elimu yake inapokoma.

Twauliza habari za kisu, wala hatuulizi habari za kaa. Na katika Suratul Waaqia tumeulizwa juu ya moto tunaouwasha, na swali lile haliishii kwenye moto, bali linarudi nyuma mpaka kwenye mti uliouzaa. Basi katika makala haya nataka tuufuate mkaa kinyumenyume, kutoka uani mpaka msituni, tuone umepita wapi na umewagusa nani. Nimechagua Kilosa na Mikumi katika Mkoa wa Morogoro, kwa sababu huko historia ya mkaa imeonekana wazi, kwa ubaya wake na kwa uzuri wake.

MKAA ULIKUWA WA MHUNZI

Wengi wetu tunadhani mkaa na chungu ni marafiki wa tangu zamani. Sivyo. Kwa karne nyingi mkaa ulikuwa mali ya mhunzi. Wataalamu waliochimba mambo ya kale huko Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, walikuta matanuri ya kuyeyushia chuma ya kiasi cha miaka 2,000 iliyopita, na matanuri hayo yalikula mkaa. Chuma hakiyeyuki kwa moto wa kuni za kawaida. Kinataka moto mkali uliokusanywa, tena wenye kupulizwa kwa mivukuto. Jembe lililolima na mkuki uliolinda boma vilipita kwanza katika kaa la moto.

Ama mpishi wa kijijini hakuwa na haja ya mkaa. Alikuwa na mafiga yake matatu na kuni alizookota mwenyewe, nazo nyingi zilikuwa matawi makavu yaliyoanguka. Wakaguru, Wasagara na Wavidunda wa nchi ya Kilosa walipika hivyo, na hata leo nyumba nyingi za vijijini hupika hivyo. Wafugaji nao, Wamaasai na Waparakuyo wanaoishi katika mbuga za wilaya hiyo, hawakuwa na haja ya mkaa ili wachome nyama. Wao huichomeka nyama katika vijiti virefu na kuvisimika ardhini kandokando ya moto wa kuni, nyama ikaiva taratibu kwa joto la pembeni.

Mshikaki juu ya makaa ni mtindo wa mjini na wa pwani. Tunaukuta Forodhani Unguja, tunaukuta Mombasa, na ng'ambo ya bahari tunaukuta Omani ambako wanauita mishkak, jina lilelile. Huko Omani wanayo pia shuwa, nyama ya sikukuu inayofukiwa katika tanuri la chini ya ardhi usiku kucha au zaidi. Mapishi yote haya yana siri moja: hayataki mwali wa moto, yanataka joto lililotulia. Na joto lililotulia ndilo sifa ya mkaa.

NJIA, RELI NA BARABARA

Je, mkaa ulitokaje kwa mhunzi ukaingia katika kila ua? Jibu ni fupi: ulifuata miji, na miji ilifuata njia.

Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita katika bonde la mto Mkondoa, katika nchi ya Kilosa. Ndipo katika miaka ya 1890 ikaja sotoka, ugonjwa uliofyeka ng'ombe katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Mahali palipokuwa na malisho, pori lilirudi, na pamoja na pori wakaja ndorobo, na palipo na ndorobo ng'ombe hakai. Kwa hiyo sehemu kubwa ya msitu tunaouona leo upande wa Mikumi si msitu ambao haukupata kuguswa na mtu. Ni msitu wenye historia, uliopanda na kushuka pamoja na wanadamu.

Wajerumani walianza kujenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kilosa, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kilosa ikawa mji wa stesheni, na kandokando yake, mpaka Kimamba, yakaenea mashamba ya mkonge yenye vibarua kutoka pande nyingi za nchi. Mtu aliyeacha kijiji chake akaja kukaa chumba cha kupanga hana msitu wa kuokota kuni. Lazima anunue moto wake, kama anunuavyo unga na chumvi.

Mwaka 1964 serikali ilitenga Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, ambayo leo ina eneo la kilomita za mraba 3,230. Ndani ya mipaka hiyo hapakatwi mti wala hapachomwi mkaa. Ikapita miaka michache, ikajengwa barabara kuu ya lami kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia, ikakata katikati ya hifadhi na kupita mji mdogo wa Mikumi. Madereva wa malori walihitaji mahali pa kupumzika na kula, na moshi wa nyama ya kuchoma ukapanda kando ya barabara. Lakini gari lililoshusha abiria wenye njaa liliweza pia kupakia magunia. Tangu hapo msitu wa Kilosa ukawa jirani wa majiko ya Dar es Salaam, ingawa kati yao kuna mwendo wa kilomita mia tatu hivi.

HESABU YA GUNIA MOJA

Hebu tutazame kazi yenyewe. Mchoma mkaa hukata miti, huikata tena vipande vya kiasi, akavipanga lundo. Lundo hilo hulifunika kwa nyasi na majani, kisha kwa udongo, akaacha matundu ya hewa, akalitia moto. Shabaha yake si kuziunguza kuni. Shabaha ni kuzinyima hewa, ili zipikike bila ya kuwa majivu. Kwa siku nyingi, pengine wiki moja au mbili, hulilinda tanuri lake usiku na mchana. Udongo ukipasuka na hewa ikaingia, kazi yote huwa majivu. Waswahili husema moto huzaa majivu, na hakuna aijuaye methali hiyo kuliko mtu huyu.

Sasa sikiliza hesabu. Tanuri la kienyeji katika kuni za kilo 100 hutoa mkaa wa kilo 10 mpaka 20 tu. Kwa maneno mengine, zile kilo mbili ulizozimwaga jikoni kwa mishkaki ya jioni moja zilikuwa kilo 10 mpaka 20 za mti. Tanuri lililopangwa kwa ufundi, kuni zikakaushwa vizuri na hewa ikaongozwa, hutoa zaidi kwa mti uleule. Kwa nini basi watu wa mjini hawanunui kuni zenyewe? Kwa sababu kilo moja ya mkaa ina nguvu ya joto karibu mara mbili ya kilo moja ya kuni, haina moshi mwingi, haiozi, na ni nyepesi kusafirisha. Katika nyumba za kupanga, ambako familia sita zinatumia ua mmoja, hilo si jambo dogo.

Ndiyo maana mkaa ulishinda. Benki ya Dunia ilieleza mwaka 2009 kwamba katika Dar es Salaam nyumba zilizopikia mkaa ziliongezeka kutoka asilimia 47 mwaka 2001 mpaka asilimia 71 mwaka 2007. Ilikadiria pia kwamba nchi nzima ilitumia kiasi cha tani milioni moja za mkaa kwa mwaka, na nusu yake ilikwenda Dar es Salaam.

Na hapa pana dhuluma ambayo msomaji anaifahamu kwa jina la lumbesa. Mnunuzi huja msituni na gunia lililoongezewa kichwa, likafungwa kwa kamba juu kama kilemba, akalilipia bei ya gunia moja. Mkaa uleule ukifika mjini humwagwa na kuuzwa kwa kopo na kwa fungu, na kopo lenyewe pengine limebonyezwa tako lake. Mchoma mkaa amepunjwa kule, mama wa chumba cha kupanga amepunjwa huku. Sote tumeisoma Suratul Mutaffifin, na tunajua imewahadharisha watu wa namna gani: wale wanaotaka kupimiwa kikamilifu wanapopokea, na wanaopunguza wanapotoa. Je, tumepata kuisoma tukiwa tumesimama mbele ya gunia la mkaa?

KATAZO NA SHAURI

Msitu ulipoanza kuonekana unapungua, watu walimtafuta mwenye kosa, na aliye mnyonge ndiye aliyeonekana kwanza. Mchoma mkaa akaitwa mharibifu. Mwezi wa Januari 2006 serikali ilipiga marufuku uchomaji na biashara ya mkaa. Katazo hilo halikudumu zaidi ya wiki chache. Bei ilipanda, majiko hayakuzimika, na biashara iliendelea kwa kificho. Kwa hakika katazo lisilompa mpishi moto mwingine humfundisha kununua gizani tu.

Tena haki inatudai tuseme kweli yote. Miti mingi ya nchi yetu haikuangushwa na mkaa peke yake. Uchunguzi uliofanywa katika miaka ya karibuni umeonyesha kwamba kilimo cha kuhamahama na upanuzi wa mashamba ndivyo vinavyoongoza. Mahali palipochomwa mkaa, kama pakiachwa, msitu huweza kurudi. Mahali palipogeuzwa shamba, msitu haurudi maadamu panalimwa.

Kilosa wenyewe wamepata kuona nchi isiyokuwa na ngao inavyokuwa. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 mto Mkondoa ulifurika, ukabomoa nyumba, ukaondoa njia ya reli, na maelfu ya watu wakalala katika mahema. Sitasema mkaa ndio ulioleta gharika hiyo. Mvua ilikuwa kubwa na kingo za mto hazikuhimili. Lakini kila mkulima anajua kwamba mlima wenye miti hunywa maji taratibu, na mlima mtupu huyamwaga yote kwa mara moja.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ilikuwa imefungua mlango. Kijiji kinaweza kutenga msitu katika ardhi yake, kikautunza, kikaweka kanuni zake, na mapato yake yakawa ya kijiji. Mwaka 2012 ukaanza katika wilaya ya Kilosa mradi wa kuleta mageuzi katika sekta ya mkaa, ulioendeshwa na Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania, pamoja na mtandao wa wanavijiji uitwao MJUMITA na shirika la TaTEDO, kwa fedha za serikali ya Uswisi. Miongoni mwa vijiji vilivyoingia ni Ulaya Mbuyuni na Ulaya Kibaoni (maana Kilosa wanayo Ulaya yao, usiende mbali), na Ihombwe, Msimba, Kitunduweta na Dodoma Isanga.

Shauri lenyewe ni hili. Kijiji hupima sehemu ya msitu wake na kuigawa vitalu vya mita 50 kwa mita 50. Kitalu kimoja hukatwa, cha jirani huachwa, mfano wa ubao wa drafti. Kandokando ya vijito hapaguswi. Mti haung'olewi, kisiki huachwa kizima ardhini, kwa kuwa myombo na jamaa zake wana tabia njema ya kuchipua upya kutoka katika visiki na mizizi. Baada ya hapo hapalimwi wala hapachomwi moto, na kitalu kile hakirudiwi mpaka ipite miaka 24. Mtoto anayezaliwa siku kitalu kinapokatwa atakuwa na umri wa kuoa siku kitakapokatwa tena.

Mchoma mkaa wa vijiji hivyo si mwizi wa usiku. Ana kibali cha kijiji, amefundishwa kupanga tanuri, na mnunuzi hulipa ushuru kijijini kabla ya kupakia. Fedha hizo zimejenga madarasa, zimetengeneza zahanati na visima. Watu wale wale waliokuwa wakiona msitu ni mali ya serikali, na kwa hiyo si mali ya mtu, sasa wanaulinda kwa sababu wanajua unawasomeshea watoto. Mlinzi wa kweli wa amana ni yule aliyekabidhiwa, akajua kuwa amekabidhiwa.

Sisemi kwamba taabu imekwisha. Vijiji hivi ni vichache mbele ya njaa ya miji, na mkaa wenye kibali hushindana sokoni na mkaa wa wizi usiolipa kitu. Mwezi wa Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa miaka kumi wenye shabaha ya kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania katika nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Ni jambo jema, na mama anayepika maharagwe kila siku akipata gesi au umeme amepata nafuu ya kifua na ya mfuko. Lakini mishkaki ya sikukuu itaendelea kuutaka mkaa, na hilo si dhambi. Wajibu wetu ni kujua namna ya kuutumia.

UANI KWAKO

Basi, ewe mpishi wa nyumbani, pokea mashauri haya.

Kwanza, nunua kwa kuuliza. Mwulize mwuzaji mkaa wake umetoka wapi na una kibali gani. Wanunuzi mia wakiuliza, mwuzaji ataanza kutafuta jibu. Chagua mkaa mgumu na mzito unaolia kama chuma ukigonganishwa; huo unakaa na moto. Chenga nyingi chini ya gunia ni hasara yako.

Pili, usiwashe kwa mifuko ya plastiki wala usinyunyize mafuta ya taa. Sumu na harufu yake huingia katika nyama. Lundika makaa, washa kwa vijiti vikavu na karatasi, pepea, kisha subiri. Wapishi wengi hukosea hapa kwa pupa. Kaa lisilokolea hutoa moshi mchungu na mwali. Kaa lililokolea limevaa majivu meupe nje na wekundu ndani. Hapo litandaze, upande mmoja mengi na upande mmoja machache, ili uwe na mahali pa moto mkali na mahali pa moto mpole. Mafuta yakidondoka na mwali ukaruka, sogeza nyama upande wa upole. Usimwage maji, maana utainua majivu juu ya chakula.

Tatu, itayarishe nyama mapema. Ikate kwa kukingama na nyuzi zake. Papai bichi lililosagwa hulainisha nyama ngumu, lakini likikaa muda mrefu huigeuza kuwa uji. Vijiti vya mti viloweke kwanza visiungue. Kuku sharti aive mpaka kwenye mfupa.

Nne, na hili ni la roho za watu: jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kulalia, hata liwe limebaki kaa moja, hata iwe ni usiku wa baridi. Mkaa hutoa hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Watu wamelala nayo bila ya kuamka.

Tano, nyama ikiisha usiuache moto ujifie. Tia makaa yaliyobaki katika debe au chungu chenye mfuniko mzuri, uyanyime hewa yazimike. Kesho yatawaka tena. Na ukiweza, pata jiko lenye udongo wa kuchomwa ndani. Majiko ya namna hiyo yalianza kuenea Kenya katika miaka ya 1980, baadaye kwetu, nayo hula mkaa mdogo kuliko jiko la bati tupu.

Sita, kumbuka kwamba moshi wako unaruka ukuta. Mtume (s.a.w.) alimwusia sahaba wake Abu Dharr kwamba apikapo mchuzi aongeze maji, awakumbuke jirani zake. Nyama ya kuchoma haina mchuzi wa kuongezwa maji. Basi ongeza vijiti viwili. Na siku ya Idd el Hajj, unapokumbuka fungu la maskini katika mnyama uliyemchinja, mkumbuke na yule aliyelinda tanuri wiki mbili ili wewe uchome kwa saa moja. Haki yake ni bei iliyo sawa na kipimo kisichokuwa na kilemba.

Ndugu msomaji, mti wa myombo ulichukua miaka zaidi ya ishirini kukusanya jua na mvua za Kilosa, na wewe unaufungua moto huo jioni moja uani kwako. Ule, ushibe, umshukuru Mola wako, kwani ni halali yako. Lakini usile kama mtu asiyejua. Mwenye kujua gharama ya kaa hatalitupa, hatamdhulumu aliyelichoma, wala hatanunua lililoibwa. Mimi naona hiyo nayo ni sehemu ya kuifanya nyama iwe halali.

Wabillahi tawfiq.